Katoni ikiwa sakafuni, magoti pekee hayakuokoi

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mtunza stoo. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne huwa nimekaa kwenye kompyuta naingiza hesabu, halafu gari la mzigo likifika tunashusha, mimi na kaka wawili. Katoni nyingi zina kilo 20. Zinashushwa sakafuni, kisha tunazipandisha kwenye rafu. Tulifundishwa kukunja magoti na kunyoosha mgongo, tukapewa na mikanda ya kiuno. Huu ni mwaka wa pili kiuno kinanishika, na kinachonishangaza ni kwamba kinanishika kwenye katoni mbili tatu za mwanzo, si za mwisho nikiwa nimechoka. Nakosea wapi? Na huu mkanda una kazi gani?"

Jibu:

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonikaa kichwani ni hizo katoni mbili tatu za mwanzo. Nitazirudia, maana zimebeba nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kwenye maneno uliyoyapita haraka: "zinashushwa sakafuni."

Karibu kila mfanyakazi anayeniletea kiuno chake ananiletea na hatia. Anaamini ameumia kwa sababu siku fulani alisahau kukunja magoti. Wewe hukusahau. Mafunzo mliyopewa yalihusu mwili wako tu, hayakugusa mahali katoni inapokaa, na kwa kazi kama yako mahali pa katoni pana uzito kuliko mbinu yoyote ya kunyanyua. Nikieleza kwa nini, utaona.

Kumbuka somo la wenzo la shuleni: egemeo, jitihada na mzigo. Kiunoni mwako egemeo ni pingili za chini za uti wa mgongo. Misuli inayokuinua imelala nyuma yake, kwa umbali mdogo sana, kama sentimita 5 hivi. Mzigo uko mbele. Katoni ya kilo 20 ikiwa sentimita 50 mbele ya pingili, iko mbali mara kumi kuliko misuli, kwa hiyo misuli inabidi ivute kwa nguvu ya kushikilia kilo 200. Isogeze katoni hadi sentimita 25 na hizo 200 zinakuwa 100. Hukuongeza nguvu na hukupunguza mzigo. Umeisogeza kifuani tu. Nguvu hiyo yote ya misuli inabana pingili na diski zilizo katikati yake.

Na hapo sijahesabu mwili wako mwenyewe. Ukiinama hadi chini, kichwa, mikono na kiwiliwili, ambavyo ni zaidi ya nusu ya uzito wa mtu, navyo vinaning'inia mbele ya egemeo. Ndiyo maana mtu anaweza kushikwa kiuno akiokota kalamu. Kalamu haina lawama, amejiinua yeye mwenyewe. Kila katoni unayoifuata sakafuni unalipia mara mbili: uzito wake na wako.

Sasa tuweke namba kwenye stoo yako. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ina kanuni ya kukokotoa uzito unaofaa kunyanyuliwa. Waliitoa mwaka 1981 na kuifanyia marekebisho mwaka 1991. Inaanzia kwenye kilo 23, yaani mzigo unaokubalika pale mazingira yote yanapokuwa mazuri, kisha kila dosari inakata sehemu yake. Nimekadiria vipimo vyako kwa ulivyoeleza, utanisahihisha.

Viganja vyako viko sentimita 45 mbele ya vifundo vya miguu badala ya 25: kilo 23 zinashuka hadi 12.8. Viganja vinaanzia sentimita 15 kutoka sakafuni badala ya 75, kwa hiyo tunabaki na 10.5. Unapandisha hadi rafu ya sentimita 120, safari ndefu, inabaki 9. Unajigeuza kuipokea ukiwa umepinda nyuzi 45: 7.7. Mnakwenda kwa kasi ya katoni nne kwa dakika ndani ya saa moja: 6.5. Katoni yenyewe ni laini, haina pa kushika, na hapo tunafika chini kidogo ya kilo 6.

Kilo 6, na wewe unanyanyua 20. Ni zaidi ya mara tatu ya kinachopendekezwa, na umekunja magoti vizuri kabisa kama ulivyofundishwa.

Angalia kinachotokea tukiacha kugusa mwili wako na kugusa stoo. Katoni ianze kwenye kimo cha sentimita 75 badala ya sakafuni. Uisimamie karibu, viganja viwe sentimita 30. Ugeuze miguu, kiuno kisipinde. Kasi ile ile, rafu ile ile, katoni ile ile isiyo na mashiko. Kanuni inakupa kilo 13. Ikiwa na matundu mazuri ya kuingiza vidole pande mbili, karibu 15. Bado haijafika 20, sitakudanganya, lakini kilo tumezipandisha zaidi ya maradufu na hakuna aliyejifunza kuchuchumaa upya.

HSE, mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, nayo ina makadirio yanayoonyesha jambo hilo hilo kwa njia rahisi. Kwa mzigo ulioshikwa karibu na mwili kwenye kimo cha kiuno, wanaanzia kilo 25 kwa mwanaume na 16 kwa mwanamke. Mzigo huo ukiwa chini usawa wa miguu, bado karibu na mwili, wanashuka hadi 10 kwa mwanaume na 7 kwa mwanamke. Ukiwa chini na mikono imenyooka mbele, 5 na 3. Hizo si mpaka wa kisheria. Ni alama ya kwamba ukizipita, kazi inabidi ikaguliwe kwa makini. Hao kaka zako wawili nao wamezipita, na wasikuambie kwamba tatizo ni wewe kuwa mwanamke.

Basi sakafu iondolewe kwenye kazi yenu. Njia nyepesi kuliko zote ninayoijua ni ya chaga za mbao, zile zile zinazowekewa mizigo. Chaga moja ina kimo cha sentimita 14 au 15. Panga tano tupu moja juu ya nyingine, za ukubwa mmoja, zisizovunjika mbao, kwenye sakafu iliyo sawa, na una meza ya kupokelea yenye kimo cha sentimita 70 na ushee. Katoni kutoka garini ikitua hapo, hakuna anayeinama. Niliwahi kuona ghala moja likifanya hivi baada ya miaka ya kuzunguka na mikanda na mabango ya ukutani. Chaga zilikuwa zimeegemezwa kwenye ukuta wa nje muda wote huo, mita chache kutoka pale watu walipokuwa wakiinama.

Nzuri zaidi ni kutonyanyua kabisa. Sakafu ya gari, toroli na rafu ya kwanza vikiwa kwenye kimo kinachokaribiana, katoni inateleza kutoka kimoja hadi kingine. Kuisukuma kilo 20 juu ya mbao laini ni kazi nyepesi ukilinganisha na kuinyanyua. Toroli nalo lisukume badala ya kulivuta, kwa sababu ukisukuma uzito wa mwili wako unakusaidia na unaona unakokwenda. Ukivuta unajipinda nyuma na mara nyingi unatumia mkono mmoja. Mashiko ya toroli yawe kati ya kiuno na kifua. Magurudumu yake yakiwa mabovu, yapigieni kelele kama mnavyopigia kelele taa iliyozimika, maana gurudumu linalokwama mnalilipia kwa viuno.

Rafuni, mizigo mizito ikae kati ya goti na kifua, na ile inayotoka kila siku ikae katikati ya eneo hilo. Juu na chini weka vyepesi na vinavyotoka mara moja kwa mwezi. Nimeona stoo nyingi zimepangwa kwa namba za bidhaa, kila kitu mahali pake pazuri kwenye daftari, na kitu kizito kuliko vyote kikiwa rafu ya chini kabisa kwa sababu tu namba yake ni ya mwisho.

Kuhusu kubeba wawili: sawa, lakini watu wawili si nguvu mara mbili. HSE wanakadiria kwamba wawili wana theluthi mbili ya jumla ya uwezo wao, na watatu wana nusu. Mikono inabanana, mmoja anainua kabla ya mwenzake, mwingine anatembea kinyumenyume. Mmoja wenu awe ndiye anayehesabu, na wengine wasinyanyue mpaka amalize.

Sasa magoti. Sisemi usikunje magoti. Nasema ushauri huo umebebeshwa kazi isiyo yake. Mwaka 1999 Jaap van Dieën na wenzake huko Uholanzi walipitia tafiti zilizolinganisha kuchuchumaa na kuinama, na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuwahimiza watu wote wachuchumae kama njia ya kukinga kiuno. Sababu utaiona ukijaribu mwenyewe. Chukua katoni pana, ya sentimita 60, iweke chini, uchuchumae mbele yake. Magoti yako yanaigusa. Haiwezi kuingia katikati yake. Kwa hiyo magoti yanaisukuma mbele, mikono inanyooka, na ule umbali tuliokuwa tunaupigania umekuwa mrefu zaidi. Mgongo umenyooka kama bango linavyotaka, na bado pingili zinabanwa. Magoti yanafaa pale mzigo unapoweza kuingia katikati ya mapaja.

Kwa katoni ambayo lazima uichukue chini, nakushauri hivi. Kwanza isukume kidogo kwa mguu ujue uzito wake. Mshtuko wa kukuta ni nzito kuliko ulivyodhani umewaumiza wengi. Simama ukiwa umekabili kona yake, si ubavu wake. Mguu mmoja uwe pembeni mwa katoni, mwingine nyuma kidogo. Iinamishe kuelekea kwako isimame kwa kona. Mkono mmoja upitishe chini ya kona iliyo karibu na wewe, mwingine ushike kona ya juu ya upande wa mbali, kimshazari. Sasa ivute ikuguse mapaja kwanza, kabla hujaanza kusimama. Kisha simama, huku katoni ikipanda ikiwa imekugandama, paja, tumbo, kifua, kama unayembeba mtoto aliyelala. Ukishasimama ndipo ugeuke, na ugeuke kwa miguu, hatua ndogo ndogo, kitovu na katoni vikitazama upande mmoja muda wote. Kutua ni vile vile kwa kurudi nyuma. Wengi hunyanyua kwa uangalifu na kuachia hovyo, na kiuno hakitofautishi.

Mafunzo yana nafasi yake, lakini yakisimama peke yake hayatoshi. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, kuhusu mafunzo ya kunyanyua hayakukuta ushahidi kwamba yanazuia maumivu ya mgongo kwa wafanyakazi. Mtu anafundishwa asubuhi, mchana anarudi kwenye sakafu ile ile, katoni ile ile, kasi ile ile.

Mkanda nitaujibu kwa ufupi kwa sababu jibu lake ni fupi. NIOSH waliupitia mwaka 1994 na hawakuupendekeza kuwa kinga kwa wafanyakazi ambao hawajaumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la kitabibu la JAMA, uliohusisha wafanyakazi zaidi ya 9,000 wa maduka nchini Marekani, haukuona kwamba mikanda inapunguza maumivu au madai ya fidia ya mgongo. Ukikufanya ujisikie vizuri, sikukatazi kuuvaa. Ninachokikataa ni mkanda kutolewa badala ya toroli.

Turudi kwenye katoni zako za mwanzo. Kwa nini kiuno kinakushika ukiwa bado hujachoka?

Diski zilizo kati ya pingili hazina mishipa ya damu kwa mtu mzima. Zinaishi kwa kunyonya maji na virutubisho na kuvikamua, kama sifongo. Usiku ukilala hazina mzigo, zinanyonya maji na kuvimba, ndiyo maana mtu ni mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Diski iliyojaa maji ni ngumu kupinda, na ukiinama asubuhi mapema inapata shinikizo kubwa kuliko baadaye. Mwaka 1998 Stover Snook na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu wenye maumivu sugu ya kiuno waliacha kuinama asubuhi mapema tu, na maumivu yao yakapungua.

Saa nne inapofika sehemu kubwa ya maji hayo ya ziada imeshatoka, kwa hiyo kwa upande wako shaka yangu kubwa iko kwenye kiti. Saa mbili za kompyuta ukiwa umejikunja ni saa mbili za kiuno kilichoinama. Kano zinazoshikilia pingili zinanyooka taratibu na kulegea, kama mpira wa nguo uliovutwa muda mrefu, na hazirudi mara moja. Mtafiti wa Canada, Stuart McGill, na mwenzake walipima jambo hili mwaka 1992: baada ya dakika 20 za kuinama kabisa, nusu ya ulegevu iliondoka ndani ya dakika mbili za kwanza, lakini hata baada ya nusu saa kiuno kilikuwa hakijarudi kilivyokuwa. Sasa jifikirie. Honi inapigwa, unainuka kutoka kwenye kiti kilichokulegeza, unatembea hatua kumi, unainama kwenye kilo 20. Katoni ya kwanza inakukuta kiuno hakina ulinzi wake. Ya kumi na tano inakukuta kimeshakaa sawa. Dereva anayeshuka usukani na kuanza kushusha mzigo papo hapo ana shida hiyo hiyo, na yeye ameongezewa mtikisiko wa barabara.

Kwa hiyo gari likifika, usikimbilie katoni. Chukua hati za mzigo, zunguka gari ukihakiki, fungua milango, panga chaga, tafuta toroli. Hizo ni dakika kumi za kutembea ukiwa umesimama, na ni sehemu ya kazi, hakuna atakayekuita mvivu. Simama, weka viganja kiunoni, jinyooshe nyuma taratibu mara tano sita. Kisha anza na vyepesi.

Hesabu zenyewe zisikae zote kwa mkupuo mmoja. Inuka kila nusu saa, hata kwa dakika moja. Nyingine ziingize ukiwa umesimama, kompyuta ikiwa juu ya kaunta yenye kimo cha viwiko vyako. Ukikaa, miguu iguse sakafu yote, mgongo wa chini uegemee kiti, ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini kidogo. Kama ni kompyuta mpakato, ipandishe juu ya boksi na utumie kibodi ya pembeni, la sivyo shingo itaanza kudai haki yake baada ya kiuno.

Kiuno chenyewe usikiogope. Maumivu mengi ya aina hii hutulia ndani ya wiki chache, na kulala kitandani siku nyingi huyachelewesha. Endelea kutembea, punguza uzito wa unachobeba, usiache kila kitu. Kwa kuwa umefika mwaka wa pili, nenda ukapimwe na mtaalamu wa fiziotherapia upewe mazoezi yanayokufaa wewe. Ukipigwa picha za mgongo na kuambiwa diski zimechakaa, usivunjike moyo. Mapitio ya mwaka 2015 ya picha za watu wasio na maumivu yoyote yaliona uchakavu wa diski kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 80 ya wenye miaka 50.

Lakini ukipata ganzi sehemu za siri au unapokalia, mkojo ukagoma au ukatoka bila kujua, haja kubwa ikakuponyoka, au miguu ikaishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Maumivu yanayoambatana na homa, kupungua mwili bila sababu, au yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya, nayo yanahitaji daktari haraka.

Kwa bosi wako usiende na malalamiko ya kiuno, nenda na futi ya kupimia. Pimeni siku moja tu: uzito wa katoni kwenye mizani, umbali kutoka vifundo vya miguu hadi viganja unapoanza kunyanyua, kimo cha viganja kutoka sakafuni, na idadi ya katoni kwa dakika. Mpeleke na picha mbili, moja ukichukua katoni sakafuni, nyingine ukiichukua juu ya chaga tano. Na mimi niandikie namba hizo, nizikokotoe upya. Za hapo juu ni za makisio yangu, na ningependa kuziweka zako.